Maswali ya Wasomaji: Naona Haya Kuingia Katika Kikundi cha Walioacha Pombe

SWALI: Nina umri wa miaka 43, na nimekunywa pombe kwa zaidi ya miaka 15. Mara tatu nimeacha peke yangu, na mara zote nimerudia kabla mwezi haujaisha. Daktari amenishauri nijiunge na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, lakini naona haya. Naogopa kukutana na mtu anayenifahamu, naogopa kusimamishwa nieleze maisha yangu, tena nasikia vikundi hivyo ni vya maombi, nami si mtu wa dini. Nianzie wapi? – Mwenye Haya

JIBU: Ndugu Mwenye Haya, niruhusu nitangulize jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Ikiwa kila asubuhi mikono yako hutetemeka mpaka uzimue ndipo itulie, usiache pombe ghafla kabla ya kumwona tena daktari wako. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa kwa mkupuo, unaweza kushikwa na degedege katika siku mbili za mwanzo, na baadhi ya watu hupatwa na maruweruwe na kuchanganyikiwa, hali ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Zipo dawa za kukuvusha salama katika kipindi hicho, na zipo nyingine, kama naltreksoni na akamprosati, za kukusaidia baadaye usirudie. Kikundi hakishindani na dawa. Mwanakikundi akikushauri uzitupe, mshukuru kwa adabu kisha uendelee kuzimeza.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA, kilichoanzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa. Sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha pombe. Ada hakuna, hupitishwa kikapu cha michango ya hiari, na asiye na kitu humpa jirani yake bila kuulizwa. Tafuta vikao kwenye tovuti ya AA au uliza hospitalini, lakini piga simu kabla ya kwenda, kwa sababu ratiba hubadilika na si jambo jema kwa mtu aliyejikaza wiki nzima kukuta mlango umefungwa. Uliza pia kama kikao ni cha wazi, ambacho yeyote anaweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo la pombe peke yao. Wengine huanza na vikao vya mtandaoni, kamera ikiwa imezimwa, na sioni ubaya wowote.

Kuhusu kusimamishwa: kwa kawaida viti hupangwa kwa duara au safu, mwenyekiti hufungua, kisha mtu hujitaja kwa jina la kwanza tu na kueleza yake kwa dakika chache. Hakatizwi wala hapewi mawaidha. Zamu ikikufikia, inatosha kusema, “Leo nasikiliza tu,” na zamu itapita kwa anayefuata. Kikao huchukua takriban saa moja.

Ukikutana na mtu anayekufahamu, kumbuka kwamba naye amekukuta akiwa kwenye kiti kama chako. Wanakikundi huahidiana kutotoa nje waliyoyasikia, na wengi hulishika neno hilo. Hata hivyo, ahadi hiyo si sawa na wajibu wa kisheria alio nao daktari, kwa hiyo mambo yanayoweza kukufikisha mahakamani mwachie mwanasheria wako.

Kuhusu dini, nisikufiche: zile Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, humtaja Mungu waziwazi, ingawa huongeza kwamba ni kwa kadiri kila mtu anavyomwelewa, na wapo wasioamini ambao huchukulia kikundi chenyewe kuwa ndiyo nguvu inayowazidi. Ukiona bado hapakufai, SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za kisaikolojia bila kugusa imani. Ila usiamue kwa kikao kimoja. Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba programu za kumwelekeza mtu AA huwasaidia watu kuacha kabisa kwa kiwango sawa na tiba nyingine au zaidi. Lakini vikundi vyenyewe hutofautiana mno, kimoja kimechangamka, kingine kimepooza. Hudhuria vikao sita hivi, katika vikundi viwili au vitatu, ndipo upime. Ukiteleza katikati, rudi kesho yake, hakuna atakayekufukuza.

SWALI: Mume wangu amekataa katakata kwenda kikaoni. Je, niende mimi kwa niaba yake? – Mke Aliyechoka

JIBU: Dada, nenda, ila kwa niaba yako mwenyewe. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya ndugu na marafiki wa walevi. Hutafundishwa namna ya kumwachisha mumeo pombe. Utakaa na watu ambao nao wamewahi kumwaga chupa usiku na kupiga simu kazini kudanganya kwamba mgonjwa amelala, na utasikia walivyofanya walipoacha kufanya hivyo. Ukirudi nyumbani, usimsomee taarifa ya kikao.