Daraja limekaa vibaya na uso umepasuka: gitaa hilo usilivunje

Ndugu yangu wa Kisauni, habari yako nimeisoma mara mbili. Gitaa la kwanza, miezi mitano ya kazi, daraja (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi) umeligandisha milimita 4 karibu zaidi na tundu la sauti kuliko inavyotakiwa, kisha uso ukapasuka ulipolipeleka Nairobi kwenye harusi ya dadako. Unauliza kama ulivunje, utoe mbao, uanze upya. Usilivunje. Mimi ni seremala wa samani hapa Majengo, Mombasa, magitaa nayajenga usiku, na makosa yote mawili nimeyafanya. Yanatengenezeka, ila yana mpangilio wake, na ufa ndio unaotangulia.

Uso umepasuka kwa sababu ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka kwa upana, wala si kwa urefu. Hapa kwetu unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi tu. Wajenzi wa magitaa wanapendelea kugandisha vyumbani penye asilimia 40 hadi 50. Sasa wewe umeugandisha uso juu ya mataruma mwezi wa Mei, masika yenyewe, ubao umeshiba. (Mataruma ndivyo ninavyoviita vile vibao vya ndani vinavyoushika uso. Jina ni la mafundi wa majahazi, na kazi ni ile ile.) Januari gitaa limepanda bara kwenye hewa kavu. Ubao unataka kupungua upana, na mataruma yamepita njia panda na mishipa yake, hayapungui pamoja nao. Ukishikwa hivyo, unapasuka.

Langu lilipasuka kutoka darajani hadi ukingoni, nami nikafanya haraka nikaujaza ufa gundi na unga wa mbao siku hiyo hiyo, nikiwa bado Nairobi. Niliporudi Mombasa ubao ulitanuka, ule ujazo ukageuka kabari, na ufa wa pili ukafunguka pembeni. Siku tatu nilikaa na wembe nikichimba nilichokijaza. Kwa hivyo nakuomba sana: ufa ulio wazi usiujaze. Legeza nyuzi, liweke gitaa ndani ya nyumba wiki mbili, mbali na jua na feni. Ufa mpya, safi, ambao haujaingia vumbi wala jasho la mkono, hujifunga mpaka ukawa huuoni, unaugusa tu kwa ukucha.

Hapo ndipo utie gundi. Mkono mmoja upitishe tunduni usukume ubao juu na chini polepole, kidole cha mkono wa pili kikisugua gundi juu ya ufa. Ule mchezo wa kupanda na kushuka ndio unaoivuta gundi iingie. Pangusa kwa kitambaa kibichi, sawazisha kingo mbili, bana, acha mpaka kesho. Kisha ndani, chini ya ufa, bandika viraka vidogo vya mbao laini, upana milimita 15 hadi 20, unene milimita 2, mishipa yake ikiukata ufa, kimoja kila sentimita tano hivi. Kingo zake zichonge ziwe nyembamba. Kiraka kinene kinashika ufa, lakini kinazuia uso kutikisika, na huo mtikisiko ndiyo sauti yenyewe.

Nikwambie na hili: kukarabati ufa hakubadilishi hali ya ubao wako. Ulijengwa mbichi. Ukilipeleka tena bara wakati wa kiangazi, litafutie sanduku linalofunga vizuri na utie ndani sifongo chenye unyevu kidogo kwenye kisanduku cha sabuni kilichotobolewa.

Sasa daraja. Umesema kipimo chako, yaani urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani (ile mifupa miwili uzi unayoegemea), ni milimita 650. Basi freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vya shingoni) iko milimita 325 kutoka mfupa wa kichwani, na kutoka hapo mpaka mfupa wa darajani zinatakiwa 325 nyingine, pamoja na nyongeza ya milimita 2 au 3, zaidi upande wa nyuzi nene, kwa kuwa uzi ukibonyezwa huvutika ukapanda sauti. Wewe umebakiwa na 321, nne pungufu hata kabla ya nyongeza. Ndiyo maana uzi mtupu unakubali kutunika, lakini ukishuka na vidole kuelekea tunduni kila noti inazidi kupanda. Freti ya 12 imepanda takriban sehemu ya kumi ya nusu toni, na hapo mvutiko wa kidole sijauhesabu. Sikio la mtu aliyekulia kwenye taarabu ya mji huu halitakuvumilia.

Wako watakaokwambia uzibe mfereji wa mfupa uchimbe mwingine nyuma yake. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni pengine ingefaa. Lako ni la nyuzi za chuma, na nyuma ya mfereji tu kuna matundu ya vigingi vinavyobana ncha za nyuzi, nafasi hakuna. Linabanduliwa.

Bahati yako ulitumia gundi nyeupe ya seremala, ambayo hulegea kwa joto. (Hata gari lililofungwa vioo, limesimama juani kwenye foleni ya feri ya Likoni, limeshawabandulia watu madaraja bila wao kutaka.) Funika uso kwa kadibodi iliyokatwa dirisha la daraja tu, pasha daraja kwa pasi iliyowekewa kitambaa katikati, dakika kadhaa, kisha ingiza kisu chembamba butu kutoka pembeni. Sikiliza mkono wako. Kisu kikianza kuzama ndani ya ubao badala ya kuteleza, kitoe, ingia upande wa pili, maana kinafuata mishipa kitakung'olea kipande cha uso. Mara yangu ya kwanza nilitumia nguvu, nikang'oa kipande cha ukubwa wa shilingi. Kilirudi mahali pake, lakini alama ipo mpaka leo.

Likitoka, ziba matundu ya vigingi kwa vijiti vya mbao ile ile, uso pamoja na bamba la chini yake, utoboe mapya. Kovu litakalobaki mbele, mimi nililifunika kwa kuchonga daraja jipya la mpingo, pana kidogo kuliko la awali. Mpingo ni mzito, kwa hivyo mabawa yake niliyapunguza unene mpaka uzito ukakaribia wa lile la kwanza. Kazi hii usiikwepe, daraja zito linauzima uso. Na ukipima, tumia rula ya chuma, ukianzia freti ya 12. Futi ya kamba ile ndoano yake ya mbele inacheza, na milimita moja hapa ni nyingi. Kosa langu lilianzia hapo hapo.

Kwenye gundi sina mjadala: sehemu yoyote ya gitaa ambayo huenda siku moja ikafunguliwa, shingo, daraja, ubao wa freti, tumia gundi nyeupe au gundi ya ngozi. Ya ngozi inaoza upesi kwa joto letu, pika kidogo kidogo, isizidi digrii 60 na kitu. Epoksi usiipeleke huko. Supergluu ina kazi yake: msumeno ukikosea mfereji wa freti, ujaze kipande chembamba cha mbao ile ile na supergluu, chonga, kata upya, hakuna atakayejua.

Kwa gitaa la pili, mbao zako zikaushe kwanza ndani ya kabati lenye bulbu ya joto na kipima unyevu, na usigandishe taruma hata moja mpaka mshale ushuke hadi 50. Mimi kabati langu nililiunda kwa mabaki ya plaiwudi.

Daraja likisharudi, banio likae usiku kucha, na nyuzi usizitie kabla ya siku mbili tatu. Zote sita zinavuta zaidi ya kilo 70. Kabla hujatia gundi, weka hapa picha ya ndani ya tundu, nataka kuona kama taruma lililo chini ya daraja halijabanduka.