Sifa na gharama za kusomea sayansi ya wanyama SUA

Ndugu, uliuliza kama D ya Biolojia na D ya Kemia za kidato cha sita zinamtosha mdogo wako kuomba shahada ya sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni pointi 4.0 katika masomo mawili, na kwa kuwa D ina pointi 2, amekifikia, ingawa ushindani unaweza kumweka nyuma ya wenye alama za juu. Akipitia stashahada, GPA, yaani wastani wa alama zake, isipungue 3.0. Kuhusu gharama, msiangalie ada pekee, kwani chakula, malazi na mafunzo kwa vitendo hulemea familia nyingi. Aombe mkopo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) mapema, vyeti vikiwa vimehakikiwa.