Namugongo kwa mwendo wa pole: maswali yenu na majibu

Kila mwaka, Juni 3 ikishakaribia, maswali ya hija ya Namugongo, karibu na Kampala, ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, huja kwa wingi, na mengi huja yakiwa yamechelewa. Anayeuliza Mei 20 jinsi ya kutembea polepole kutoka mpakani hadi Namugongo amebakiwa na njia moja tu, kupanda basi. Ndiyo maana mwaka huu nayajibu mapema.

Shikamoo. Tuko tisa wa jumuiya moja huku Bungoma, wengi tumepita miaka 50, na mama mmoja kati yetu ana goti bovu. Kikundi kikubwa cha kwetu hutembea kutoka Busia hadi Namugongo kwa siku sita. Tutaweza?

Marahaba. Kwa siku sita, hapana, wala msijaribu. Barabara ile inakaribia kilomita 200, kwa hiyo siku sita ni zaidi ya kilomita 30 kila siku, juu ya lami, mzigo mgongoni. Vijana wanaweza. Mama mwenye goti bovu ataishia kwenye gari la wagonjwa siku ya pili, na mtakaobaki mtatembea mkiwa na majonzi.

Hesabuni mkirudi nyuma kutoka siku ya kufika. Fikeni Juni 1, ili mpate siku nzima ya kulala, kuungama na kuosha nguo kabla ya umati wa tarehe 3. Kwa kilomita 14 kwa siku mnahitaji siku 15 za kutembea. Ongezeni mbili za kupumzika na moja ya akiba kwa ajili ya mvua au homa. Jumla ni siku 18, na maana yake mnatoka Busia Mei 15. Mwendo ni Bugiri, Iganga, kisha Jinja, ambako mtakuwa mmekula zaidi ya nusu ya safari. Pumzikeni hapo siku nzima. Mkishavuka Nile mna msitu wa Mabira, halafu Lugazi, Mukono, na mwisho mnaiacha barabara kuu na kukata kuelekea Namugongo kabla ya kuingia Kampala.

Anzeni kutembea kukipambazuka, si kabla. Kilomita 14 kwa mapumziko mawili ya kutosha zinaisha kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado halijawa kali, na mchana wote ni wa kupumzika na kusali.

Huyo mama wa goti ndiye awe mbele. Nalisema hili kila mwaka na kila mwaka napuuzwa. Wanyonge wakiwekwa nyuma, walio mbele hufika, huketi dakika 20, na wale wa nyuma wakitokea tu, kundi linanyanyuka. Yule aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika hata kidogo. Aliye dhaifu zaidi apange hatua, na wenye nguvu wambebee mkoba.

Jambo la mwisho, nanyi hamkuliuliza: mtalala wapi? Parokia na shule za njiani hujiandaa kupokea vikundi vikubwa kwa tarehe zinazojulikana. Ninyi mtapita mapema, watu tisa ambao hakuna anayewatarajia. Mwombeni paroko wenu aandike barua kwa maparoko wa njiani tangu Februari au Machi, akitaja tarehe na idadi yenu. Watu wa Busoga na Buganda ni wakarimu mno kwa mahujaji, lakini ukarimu wa mtu usiufanyie mazoea ya kumgongea saa mbili usiku bila taarifa.

Viatu gani vinafaa?

Vile ambavyo umeshavitembelea miezi miwili na havijakuumiza. Nimelijibu swali hili kila msimu. Kiatu kipya hakivaliwi hijani, hata kiwe cha bei gani, hata kama umezawadiwa na mwanao aliye Marekani. Kiwe kikubwa kidogo kuliko kawaida yako, kwa sababu mguu huvimba. Badilisha soksi mchana, na paka mafuta mazito vidoleni kabla ya kuanza. Ukisikia mahali panawaka moto, simama hapo hapo upafunike na plasta. Lengelenge halingojei mpaka mfike kituoni.

Nina kisukari na presha, miaka 58, naishi Kisumu. Watoto wangu wananikataza. Katika kikundi chetu yuko anayesema niache dawa nyumbani, Mashahidi watanishika mkono. Unasemaje?

Huyo anayekwambia uache dawa mkwepe, na mweleze kiongozi wa kikundi alichokwambia. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu maneno hayo yanazungumzwa kwa sauti ya imani na yanaua watu. Dawa yako ni sehemu ya mzigo wako wa hija. Ibebe ya siku zote na ya wiki moja zaidi, na uigawe katika mikoba miwili, ili mmoja ukiibwa au ukilowa usibaki mikono mitupu.

Nenda kliniki miezi mitatu kabla, si wiki moja kabla. Mwambie daktari wazi: nitatembea kwa muda wa saa nne kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, je, kipimo cha dawa kibadilike? Kutembea kunashusha sukari, na kipimo ulichozoea ukiwa umekaa dukani kinaweza kukuangusha barabarani. Kuwe na glukosi au peremende mfukoni, si ndani ya begi, na jirani yako wa safari ajue zilipo. Usifunge chakula siku za kutembea. Kila jioni kagua nyayo zako kwa tochi na kioo, au mwombe mwenzako akuangalilie, maana mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda asichokisikia. Na kamwe usitembee pekupeku kwa jina la toba.

Daktari akisema hapana, kubali. Panda gari hadi Mukono na utembee siku mbili za mwisho. Wewe ni hujaji kamili, na wanao watalala usingizi.

Mwendo wa pole si uvivu? Padre mmoja alituhubiria kwamba hija bila mateso si hija. Sisi vijana tunapanga kufika kwa siku nne.

Mwanangu, ngoja nikukumbushe unakokwenda. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipotoa hukumu mwishoni mwa Mei 1886, wale vijana wa ikulu walitembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo kwenda Namugongo. Hawakuchagua mwendo. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani Mei 26. Kesho yake waliuawa Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza, na huyu Gonzaga pingu zilikuwa zimemla miguu hata akashindwa kuendelea. Waliofika walikaa Namugongo kama wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe. Katika siku zile za kusubiri walisali pamoja na kutiana moyo, na ndipo ikaja Juni 3, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto, akiwamo Kizito aliyekuwa na miaka kama 14.

Mateso yao yaliletwa na wauaji. Wao wenyewe waliyajaza sala na kuangaliana. Anayetaka kuwafuata afuate hicho. Nimewaona vijana wanaofika kwa siku nne wakiwa hawawezi kupiga magoti, wanalala misa yote chini ya mti, na waliowaacha njiani hawawajui hata majina. Kutembea saa nne kila siku kwa siku 15, pamoja na mzee anayekusimulia habari zile zile kila asubuhi, ni toba tosha. Jaribu kabla hujaidharau.

Kwa nini tusitembee usiku kukwepa jua?

Kwa sababu barabara ya Busia na ile ya Malaba zinabeba malori ya mizigo ya kutoka Mombasa usiku kucha, na dereva aliyechoka hakuoni. Basi.

Hata mchana, tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, kwa mstari wa mmoja mmoja, mkivaa vizibao vinavyong'aa. Naona vikundi vimetanda nusu ya barabara, nyuma yao gari la vipaza sauti linaimba kwa nguvu hata hawasikii honi. Gari hilo silipendi. Linawazuia kusikia hatari, linawazuia kuzungumza, na linawafanya wanavijiji wasikie kelele badala ya sala. Rozari haihitaji spika. Na Mabira ipiteni mchana mkiwa pamoja, asiingie mtu peke yake msituni kutafuta mahali pa haja.

Mimi ni wa Bukoba. Sisi Watanzania tunahitaji karatasi gani kupita Mutukula, na njia ikoje?

Visa huhitaji. Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini wewe usitegemee hilo. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usichanjwe mpakani ukadhani umemaliza.

Njia ni Masaka, Lukaya, Mpigi, zaidi ya kilomita 200 mpaka Kampala, kwa hiyo hesabu ya watu wa Bungoma inakufaa, ila ongeza siku mbili. Ushauri wangu: usikate katikati ya jiji moja kwa moja. Pinda kwenda Munyonyo, salini pale, kisha mfanye siku mbili kutoka Munyonyo hadi Namugongo, njia iliyopitwa na Mashahidi wenyewe. Ninyi mnaotoka kusini mna neema hiyo mkononi na wengi mnaipita bila kuitazama. Na kumbukeni kwamba wamisionari Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879 walikuja kupitia kwenu, kutoka Bagamoyo hadi ziwani. Imani ilitembea kwa miguu kutoka upande wenu.

Mimi ni Mwanglikana. Naruhusiwa?

Unakaribishwa kama mtoto wa nyumbani. Kati ya Mashahidi 45 wanaokumbukwa, 23 ni Waanglikana, na kuna eneo lenu la hija hapo hapo Namugongo, mwendo mfupi kutoka basilika ya Wakatoliki. Tembeleeni yote mawili. Nanyi Wakatoliki pia.

Maji ya ziwa la Namugongo yanaponya. Ninywe kiasi gani?

Yachote, yabebe nyumbani, yabarikiwe, lakini usiyanywe mabichi. Maelfu wanayachota siku hiyo hiyo. Ukiharisha njiani, chemsha lita moja ya maji, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Kukiwa na damu au homa, nenda hospitali, usingoje.

Nibebe nini? Mwaka jana mkoba ulinikata mabega.

Mkoba ukijaa usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, pamoja na maji. Mei ni mwezi wa mvua Uganda, kwa hiyo mwavuli na nailoni ya kufunika mkoba vina nafasi kuliko nguo ya nne. Chandarua lazima. Chakula usibebe, njia nzima wanauza, na kule Namawojjolo, karibu na Mukono, utapata gonja (ndizi) na kuku wa kuchoma hata usipotaka. Fedha badilisha kwenye duka lenye leseni, si kwa kijana anayekukimbilia mpakani.

Dada yako niko Stuttgart. Namugongo ni mbali kwangu mwaka huu. Nimesikia habari za Santiago de Compostela huko Uhispania. Inaweza kufanywa polepole?

Inaweza, na kule miundombinu inakusaidia, kwani nyumba za mahujaji ziko karibu karibu. Njia nzima ya Kifaransa, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, ni karibu kilomita 780, achana nayo kwa sasa. Wengi huanzia Sarria, kiasi cha kilomita 115 kabla ya Santiago, na huzimaliza kwa siku tano. Wewe zipe siku tisa. Kitabu chako cha hija kigongwe mihuri miwili kila siku, la sivyo cheti hutapewa. Epuka Agosti, kuna joto na umati. Na dada yangu, mwaka mwingine uje Namugongo. Waafrika tunaovuka bahari kuhiji tusipite makaburi ya watu wetu.

Sijawahi kutembea zaidi ya kilomita tano. Nianzie wapi?

Karibu na nyumbani. Kenya, tembea kutoka Nakuru hadi Subukia, penye kituo cha hija cha Bikira Maria, kwa siku tatu. Tanzania, Dar es Salaam hadi Bagamoyo, walikofika wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kwa siku tano. Kabla ya hapo, tembea Jumamosi na Jumapili mfululizo kwa wiki nane, ukiwa na mkoba. Siku ya pili ndiyo inayokueleza ukweli wa mwili wako.

Tukishafika, tunarudije?

Ahsante, swali hili huulizwa na wachache mno. Watu hupanga miezi sita ya kwenda na hawapangi hata saa moja ya kurudi. Jioni ya Juni 3 barabara za kutoka Namugongo hujaa, nauli hupanda, wezi wa simu hufanya kazi yao, na mabasi ya mkodi huondoka na wasiohesabiwa. Msiondoke siku hiyo. Kateni tiketi za tarehe 5, mapema, na fedha ya nauli akae nayo mtu mwingine, si mweka hazina wa chakula. Ndani ya basi, simameni kila gari linapotua, kwa sababu miguu iliyotembea wiki mbili halafu ikakunjwa saa nane huvimba vibaya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, shukeni mji ulio karibu mkamwone daktari, hata kama basi litawaacha.