Relei haiachii hata geti ikiwa kwenye hasi

SWALI: Fundi, salaam. Nina saketi ndogo ambayo transista ya 2N7000 ilikuwa ikiendesha relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya volti 5. Transista iliungua, nikaweka BS170 kwa kuwa niliambiwa hizo ni ndugu. Tangu siku hiyo relei imeng'ang'ania, haiachii. Nimeunganisha geti (mguu wa kuamrisha transista) na hasi, wapi! Kati ya miguu miwili ya pembeni napima volti 0.7 na kitu. Je, nimepata transista mbovu?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu, kuna kila dalili kwamba ni nzima. Hiyo 0.7 ndiyo iliyonionyesha tatizo, na nashukuru umeipima.

Zishike zote mbili, uso bapa ukikutazama, miguu chini. Ukihesabu kutoka kushoto, 2N7000 ni sosi (mguu wa kwenda hasi), geti, dreni (mguu wa kwenda kwenye relei). BS170 ni dreni, geti, sosi. Umeichomeka kwenye matundu yaleyale, kumbe imekaa kinyume. Ndani ya transista hizi sosi imeungana na mwili wa silikoni, na hapo huzaliwa dayodi (njia ya umeme ya upande mmoja tu) inayotazama dreni. Transista ikikaa sawasawa, dayodi hiyo imefunga. Ukiigeuza, mkondo wa relei unapita humo bila kungoja ruhusa ya geti, na koili (waya uliosokotwa ndani ya relei) inabakiwa na zaidi ya volti 4, zinazotosha kabisa kuishika.

Ing'oe, izungushe, uilehemu upya. Ikiwa mkononi, ipime kwa mita upande wa dayodi. Kwanza gusanisha geti na sosi ili chaji iliyobaki kwenye geti itoke. Wengi huruka hatua hii, wakatupa transista nzima. Kisha waya mwekundu kwenye sosi, mweusi kwenye dreni: isome kati ya 0.5 na 0.7. Ukibadilisha waya, isisome kitu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile ya kwanza kuungua. Hukutaja dayodi kwenye koili. Relei ikizimwa, koili hurusha volti zinazoweza kupita 60, na 60 ndiyo mwisho wa transista zote hizi mbili. Weka dayodi ya 1N4148 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, na rezista ya kiloomu 10 kati ya geti na sosi, geti isielee, yaani isibaki bila volti maalumu.

Kama geti inapata volti 3.3 tu, usitumie yoyote kati ya hizi. Baadhi yake huanza kufunguka geti ikifika volti 3, hivyo zitafunguka nusunusu. Tafuta transista ya BSS138: yenyewe haivuki volti 1.5 kabla ya kuanza kufunguka.