Ukiishi na mtu aliyepitia vita, usiguse begi lake

Nyumbani kwetu nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi kulikua na begi. Begi la mgongoni la kawaida tu, bluu iliyopauka, zipu yake imekufa imeshikwa na pini. Tumezaliwa tumelikuta pale, tukihama linahama, tukifika nyumba mpya ndo kitu cha kwanza kuwekwa nyuma ya mlango kabla hata vitanda havijafungwa, na hakuna aliyekua anauliza maana ukilisogelea tu Baba anakohoa. Hasemi kitu, anakohoa.

Sasa mimi nikiwa mtu mzima na kazi yangu nimerudi likizo, nikamsaidia Mama usafi, nikajiona nina akili sana, nikalitoa lile begi nikamwaga vilivyomo kitandani halafu nikalifua nikalianika nje. Baba akarudi akakuta nyuma ya mlango peupe. Hakupiga kelele. Alipiga magoti sakafuni, mzee wa miaka sitini, akawa anapapasa ukutani kwa mikono kama mtu asiyeona, jasho linamtoka na ilikua asubuhi ya baridi. Nilimwita mara tatu ndo akanisikia.

Kwa hiyo naandika hii kwa wenzangu, mliolelewa na mtu aliyepitia vita, mliomuoa au mlioolewa nae, au mmepanga nae nyumba moja. Sitataja vita gani wala upande gani, maana ukitaja tu watu wanaanza kubishana nani alianza na mi nataka kuongelea mambo ya nyumbani. Na sijasomea haya, nimekosea tu vya kutosha.

Kwanza Baba hakuwa askari. Watu wengi ukiwaambia vita ilimharibu mtu wanawaza mwenye bunduki. Baba alikua kijana wa miaka 16 aliyetoka usiku na mdogo wake wakafuata watu waliokua wanakimbia, basi, hiyo ndo vita yake. Ila zaidi ya miaka 40 baadae bado analala upande wa mlango, bado anakaa kona ya chumba mgongo ukutani, bado akisikia mlango umebamizwa na upepo anainuka kabla hajajua ameinuka. Sisi nyumbani tulikua tunaiita ukali. Baba mkali. Kumbe mtu anaogopa, na woga wa baba mtu mzima mtoto hana jina la kuupa.

Hata madaktari walichelewa kuupa jina. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliopoteza kumbukumbu, kuona, hadi kusikia ladha, bila kidonda cha kueleza kwa nini. Vita ile ile jeshi la Uingereza likawapiga risasi askari wake zaidi ya 300 kwa kutoroka, kwa kile walichokiita uoga na makosa mengine, wengine leo tunaona kabisa walikua wagonjwa, na msamaha wa 306 kati yao umekuja kutolewa 2006, wote wamekufa zamani na wajane wao pia. Madaktari wa akili wa Marekani wameingiza ugonjwa huu kwenye kitabu chao rasmi mwaka 1980, wakauita PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, baada ya askari waliorudi kutoka vita ya Vietnam kusumbua kweli kweli. Na sio watu wachache, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikadiria kwamba kwenye maeneo yaliyokumbwa na vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni na wasiwasi mpaka makubwa zaidi. Kwa hiyo kama baba yako hana jina la kinachomsumbua usimlaumu, wenye vyeti nao ilibidi wapigwe na vita mbili tatu kwanza.

Haya, ya nyumbani sasa. Usimwamshe kwa kumgusa. Hili nalisema la kwanza kwa sababu mdogo wangu alishawahi kupigwa kiwiko cha mdomo akiwa na miaka saba, alienda kumtikisa Baba bega, na Baba alilia siku nzima kuliko mtoto. Simama mlangoni, muite jina kwa sauti ya kawaida, subiri. Ukitaka kupigilia misumari sema, "Baba napiga nyundo hapa." Fataki za sikukuu mwambie mapema zitaanza saa ngapi, na kama inawezekana muwe nae ndani na redio imewashwa. Sherehe za kushtukiza, ile watu wamejificha gizani wanatokea wanapiga kelele, sahau. Taarifa ya habari ikionyesha vita ya watu wengine mahali kwingine, punguza sauti, usizime ghafla mbele yake maana anajua unamzimia yeye, na hapendi kuhurumiwa.

Na kuna vitu vingine utaviona vya ajabu mpaka siku uelewe. Baba hakanyagi majani. Kama kuna njia anapita njiani hata kama inazunguka, na sisi tukicheza mpira ukiingia vichakani hakuna kuufuata, tumepoteza mipira mingi jamani, tulikua tunamuona mnoko. Nimekuja kusoma mkubwa kwamba Laos, huko Asia, ilidondoshewa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973 na mengine hayakulipuka, mpaka leo mtu analima shamba lake jembe linagonga. Msumbiji vita iliisha 1992, wametangaza kumaliza kuondoa mabomu ya ardhini yaliyokua yanajulikana mwaka 2015. Miaka 23 baada ya amani kusainiwa, mtoto aliyezaliwa siku ya amani keshakua mtu mzima na bado anaambiwa usipite pale. Kwa hiyo kama unaishi palipowahi kupiganwa, fundisha watoto chuma wasichokijua hawaokoti, hawakirushii jiwe, wanarudi kwa nyayo zile zile walizoendea na kumwita mkubwa. Mipira itapotea, ndio.

Makaratasi. Hapa ndo naona vita ilimpiga Baba kuliko popote na hakuna anayeongelea. Tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari 1. Ukikutana na wakimbizi utashangaa wengi wamezaliwa Januari 1, ni karani tu kwenye meza ya kuandikisha, mtu hana cheti, anajua mwaka au anaukisia, basi siku inajazwa ya kwanza. Baba alikua wa kwanza darasani, anasema hivyo na shangazi yake anathibitisha, lakini huko alikofika hana hata karatasi moja ya kuonyesha, akabeba mizigo mpaka mgongo ukakataa. Kosa la wazi linalorekebishika leo: piga picha vyeti vyote vya nyumbani, vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa, hati za ardhi, vitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na fotokopi mpe ndugu anayeishi mbali na nyie. Na kama mzee wako ana tarehe za uongo kwenye vitambulisho na majina yameandikwa kivingine kwenye kila karatasi, anza kuyasawazisha sasa hivi angali hai anaweza kula kiapo mwenyewe, usisubiri mirathi.

Lugha nayo. Baba hakutufundisha lugha ya kwao, alikua anasema haina kazi. Kumbe alishawahi kuadhibiwa kwa lafudhi yake. Finland wakati wa Vita ya Pili ya Dunia walipeleka watoto zaidi ya 70,000 Sweden kuwaokoa na wengine wakarudi hawawezi tena kuongea na mama zao. Mimi na shangazi mkubwa tunachekeana tu kwenye simu. Kama bado yupo anayeijua, mrekodi.

Sasa stori yenyewe, maana najua wengi mnataka kujua mtawafanyaje wazee waongee. Usimkalishe. Mi nilimkalisha, nikaweka simu inarekodi mbele yake, nikamuuliza, "Baba, ilikuaje?" Akaniambia, "Ilikua vita, mwanangu," akaomba maji, kikao kikaisha. Stori zinatoka upande, mikono ikiwa na kazi na macho yana pa kuangalia. Ya kwetu ilitoka tunaziba pancha ya baiskeli, miezi kama minne baada ya lile kosa la begi. Akawa anasugua mpira kwa msasa, akasema bila kuniangalia kwamba mdogo wake alitoka nyumbani bila viatu.

Nikanyamaza. Hiyo ndo kazi yako siku ikifika, unyamaze, usiseme pole haraka haraka, usimsahihishe kama mwaka jana alisema walikua watu sita leo anasema tisa, wewe sio hakimu.

Walitembea siku mbili. Mtoto wa miaka tisa, akakanyaga kitu, mguu ukavimba, Baba akambeba mpaka akashindwa, wakamuacha kwa wazee wawili waliokua hawawezi kuendelea, akamwambia nakuja kukuchukua. "Nilimwambia kesho," Baba akasema. Kisha akaniomba nimpe gundi.

Ndo nikaelewa nilichomwaga kitandani siku ile. Ndani ya begi kulikua na vyeti vyetu kwenye nailoni, tochi, kiberiti, sindano na uzi, picha moja, na pea mbili za raba, mpya kabisa, moja namba yangu moja namba ya mdogo wangu. Za wakati ule ule, sio za utotoni. Maisha yetu yote Baba alikua anauliza, "Siku hizi unavaa namba ngapi?" na sisi tunafurahi tunajua viatu vinakuja, haviji, tunamnunia, halafu tunaona watoto wa jirani wana raba mpya tunazidi kununa. Mama anasema kila miguu yetu ilipokua Baba alikua ananunua nyingine anaweka, zilizopitwa anagawa.

Kama kwenu kuna mtu ambaye hakurudi na hakuzikwa, usilazimishe. Kuna ndugu watasema fanyeni tanga yaishe, kuna wengine watasema bado yuko hai, na wote wawili wanaumia. Srebrenica, Bosnia, waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 Julai 1995, makaburi ya halaiki yakafukuliwa kwa mashine yakahamishwa kuficha, mifupa ya mtu mmoja ikakutwa kwenye makaburi tofauti, na mpaka leo kuna familia zimepigiwa simu kwamba vinasaba vimepatana kwenye mifupa michache na ni juu yao kuamua kama wazike hiyo au wasubiri mingine. Jaribu kuwa mama anayejibu hiyo simu. Kwa hiyo mpe mtu wako muda wake.

Ila jambo moja fanyeni: Msalaba Mwekundu wanatafuta ndugu waliopotezana kwa vita, hawalipishi, unaenda ofisi yao ya nchi uliyopo, hata miaka ikiwa mingi. Tulienda na Baba. Wanauliza jina kamili, jina la utani, alama mwilini, alionekana wapi mara ya mwisho na alikua na nani. Kwenye jina la utani Baba alikaa na kalamu muda mrefu kisha akaandika neno ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake, akalifunika kwa kiganja kama mtoto anayeficha majibu. Jibu halijaja. Nisingesema nenda kwa kutegemea jibu, nasema nenda kwa sababu tangu siku ile analala masaa matano mfululizo.

Na daktari. Kama anakunywa ili alale, kama anaongelea kufa, kama anawaumiza watu ndani, hapo uvumilivu wako hautoshi na maombi peke yake hayatoshi, tafuta mtaalamu wa afya ya akili, tiba ya mazungumzo ipo na inasaidia hata wazee. Akiongelea kujiua usimuache peke yake siku hiyo, hata kama kesho yake atakuambia nilikua natania. Baba alikataa mara mbili, mara ya tatu alikubali kwa sharti nisimwambie mtu anakwenda wapi kila Alhamisi, kwa hiyo hapa nimeshavunja sharti.

Mimi mwenyewe nikiingia ukumbini nahesabu milango ya kutokea. Sijawahi kusikia risasi maishani. Mke wangu aliniuliza nafanya nini nikashangaa kwani yeye hahesabu.

Juzi Baba kapiga simu, salamu, kazi, hali ya hewa, halafu akauliza mjukuu wake siku hizi anavaa namba ngapi. Zamani ningesema Baba kwani tunaenda wapi. Nikamwambia 29, ila weka 30 maana miguu ya huyu inakimbia. Akasema subiri nichukue kalamu.