Huo muda wa ziada wenyewe uko wapi?

Wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji, wanafunzi wa sekondari watumieje muda wao wa ziada ili uwajenge. Nimelisoma hilo swali kwenye daladala nikarudia mara mbili, na kilichonikera ni pale mwishoni, "ili uwajenge". Kwani lazima? Halafu huo muda wenyewe uko wapi? Mwanangu yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Dar, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kugombania daladala, anarudi giza linaingia, Jumamosi twisheni, na likizo ya Juni wakaitwa kambi ya kujisomea, hela ya chakula tukachangishwa sisi. Mngetuuliza wazazi tunaogopa nini ningewajibu vizuri zaidi.

Mimi nilisoma bweni huko Iringa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mchakamchaka alfajiri kwenye baridi ile, usafi, vipindi, shamba (tuliambiwa ndiyo Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967, kwetu sisi ilikuwa mahindi ya shule tu), usiku prepo. Lakini Jumamosi ukishafua, mpaka saa kumi na mbili jioni hakuna aliyekuuliza kitu. Kuna waliocheza drafti kwa vizibo vya soda, kuna waliokuwa wananakili mashairi ya nyimbo kwenye kaunta buku, wenye miguu yao wakaenda mazoezi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Na hao ndio walioheshimiwa, maana walileta vikombe. Mimi mpira siujui, mguu kama wa mbao, nikaangukia kundi la redio.

Redio bwenini ilikuwa marufuku. Sasa kulikuwa na jamaa yangu tulimwita Fundi, alikuja na mzoga wa redio kwenye tranka, hauna kasha, spika imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Shida ilikuwa betri. Mtu tochi yake ikififia anatuletea zile za National zilizochoka, tunazianika juu ya bati kama dagaa, nyingine tunazing'ata kidogo ziamke (msijaribu). Redio ilitaka nne, sisi tunapanga sita au saba kwenye kipande cha mwanzi, na mimi hayo mambo ya series, betri kufuatana moja nyuma ya nyingine, niliyaelewa pale, siyo darasani. Antena ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, maana ilikuwa ya waya, kwa hiyo mtu akija kuanika shati lake bichi matangazo yanakwama na yeye anatukanwa mpaka ukoo.

Basi Novemba 1993, Simba fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Mnakumbuka kule kwao ilikuwa sare bila kufungana, mechi ya marudiano Uwanja wa Taifa, nchi nzima tulishalibeba kombe mdomoni. Tulikuwa kama arobaini tumejazana nyuma ya bweni, njuka mmoja, mgeni wa kidato cha kwanza, tumempa kazi ya kulinda waya asiguse mtu, mwingine anashikilia ule mwanzi wa betri kwa mikono miwili kama mtoto mchanga maana ukitikisika tu sauti inaondoka. RTD, yaani Redio Tanzania, inakuja inapotea. Goli la kwanza la Stella hatukulisikia kabisa, tulisikia tu mtangazaji amenyong'onyea, tukaanza kubishana kwamba labda ni penalti imekosekana. La pili tulilisikia vizuri sana. Mbili bila. Jamaa mmoja wa kidato cha nne, mtu mzima na ndevu, akajifunika shuka kitandani hakuja kula. Wana Yanga nao wakatoka mbio kuzunguka bweni wanagonga sahani, ndipo mwalimu wa zamu akaja.

Kitu cha kwanza alichouliza ni "ngapi ngapi?" Akaambiwa. Akasimama kimya kidogo, akaangalia mwanzi, akaangalia waya, halafu akabeba redio yetu akaenda nayo. Mimi na Fundi tukapewa kisiki cha mkaratusi, siku nne tunachimba. Redio hatukuiona tena.

Sasa hapa nilipanga kuandika kwamba Fundi leo ni injinia. Siyo. Fizikia alipata F, leo ana mashine ya kukoboa mpunga Mbeya, na redio yake ikiharibika anaipeleka kwa fundi. Ule utundu haukumpeleka popote. Lakini tukipigiana simu miaka yote hii hatuongelei alama, tunaongelea ile mechi na nani aliutikisa mwanzi.

Ndiyo maana nilianza kwa ukali, nikitaka kusema waacheni watoto. Ila kuna jambo inabidi niliseme. Huyu wangu naye ana kitu chake, anakata vipande vya video za magoli kwenye simu halafu anatangaza mwenyewe kwa sauti yake, na siyo siri anatangaza vizuri. Mwezi wa tatu matokeo yalikuja, hesabu 23, nikamnyang'anya simu, iko kabatini mpaka leo. Yaani mwalimu wa zamu ni mimi! Na mimi hata ngapi ngapi sikuuliza.

Lakini jamani simu siyo redio. Redio yetu haikuwa na bando, hakuna mtu mzima tusiyemjua aliyetutumia meseji usiku, na zaidi ya yote betri zilikuwa zinaisha. Kitu kilikuwa kinajizima chenyewe tunaenda kula maharage.

Kwa hiyo jibu langu, japo najua halifanani na nilivyoanza: twisheni ya hesabu inaendelea, Jumamosi asubuhi, hilo sirudi nyuma, angalau mpaka hiyo 23 isogee. Simu atapewa Jumamosi saa nane ikiwa na chaji yake kamili, ikiisha imeisha, chaja inabaki kwangu. Mama yake bado hajakubali, anasema mtoto ataenda kuchaji kwa jirani.