Mzee wa Kaseti anajibu: Contra ya mjomba ina bei gani?

Shikamoo Mzee wa Kaseti. Nimekuta kaseti ya gemu ya Contra kwenye sanduku la mjomba, ni ya njano, imeandikwa 9999 in 1, juu ina picha ya jamaa wawili wana mibunduki. Afu nimesoma Marekani kuna gemu ya zamani imeuzwa zaidi ya dola milioni moja. Mjomba anasema niitupe tu, mi nikasema ngoja kwanza nikuulize. Naweza pata ngapi? – Msomaji, Tandika

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usiitupe, pili usiahidi mtu pikipiki.

Hiyo habari ya milioni ni kweli kabisa, ilikuwa Julai 2021, mnada wa Heritage kule Marekani, kaseti ya Super Mario 64 ikaenda kwa dola 1,560,000. Ila sikiliza vizuri, ile haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, nailoni yake iko vilevile, imepimwa na kampuni ya Wata ikapewa alama 9.8 kati ya 10 na kufungiwa kwenye boksi gumu la plastiki ambalo hata mwenyewe hawezi kuicheza. Yani pale watu walinunua nailoni na kona za boksi zisizo na mkunjo, maana gemu yenyewe ukiitaka bila boksi ziko za kumwaga. Kwaiyo ukisikia "gemu ya zamani imeuzwa mamilioni" uliza kwanza ilikuwa na nailoni?

Sasa turudi kwenye hiyo yako. Contra ilitengenezwa na Konami, mwaka 1987 ilikuwa ile mashine kubwa ya kusimama unayotumbukiza sarafu, 1988 ndo ikaja ya nyumbani, Japani ikachezwa kwenye mashine ya Famicom na Marekani kwenye NES, zote za Nintendo. Zetu sisi hazikuwa hizo. Zetu zilikuwa mashine za kuiga Famicom, zingine zimepewa sura ya PlayStation kabisa, ukifungua kifuniko cha CD unakuta tundu la kaseti hahaha. Na kaseti zake za njano zilikuwa kopi ambazo Konami hajapata hata senti. Wakusanyaji wa nje wanataka kitu kilichotoka kwa mwenye mali, kopi hawaihesabu. Wapo wachache wanaokusanya hizo hizo kopi kwa raha zao, ila hela wanayotoa ukijumlisha na posta unabaki na ya chai.

Usiniamini mimi, jithibitishie. Chukua bisibisi ufungue hiyo njano taratibu. Ndani utakuta kabodi kadogo ka kijani na katikati tone jeusi limekauka kama lami, hilo ndo chipu yote imemwagiwa gundi juu. Hakuna jina, hakuna namba. Afu hesabu pini za dhahabu pale chini, zitakuwa 30 upande huu na 30 upande wa pili. Ya NES ya Marekani ina 36 kila upande, jumla 72, na kaseti yake ya kijivu ni karibu mara mbili ya hiyo kwa ukubwa. Ya Famicom orijino nayo ina pini 60 kama yako, kwaiyo pini peke yake zisikudanganye, angalia bodi.

Na hata ungekuwa na orijino ya NES, kaseti tupu bila boksi wala kitabu inaenda kwa makumi machache ya dola. Contra iliuzika sana, ziko nyingi. Cha ajabu ipo nduguye inaitwa Contra Force, ilitoka Marekani 1992 wakati watu washahamia mashine mpya, gemu yenyewe nzito kama inavuta mkokoteni, mi sikuimaliza, lakini inauzwa ghali kuliko Contra ya kwanza mara kadhaa kwa sababu tu zilitoka chache. Utamu na bei ni vitu viwili tofauti, ndo soko lilivyo.

Mpe mjomba salamu, mwambie aichomeke waicheze.

Mzee za saa hizi, mi niko Columbus, Ohio. Juzi jirani alianika vitu vyake vya zamani nje anauza, nikapata Contra ya kijivu kwa dola 5. Kuna mtu kaandika jina lake kwa maka nyuma. Nitajuaje si feki, na je nipeleke ikapimwe? – Msomaji, Marekani

Dola 5! Wewe umepiga bao hata kabla sijajibu.

Feki za kijivu zipo na mimi zilinila. Miaka kadhaa nyuma niliagiza Contra kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha safi, maelezo yamenyooka, nikalipa dola 60 na usafiri juu, nikasubiri mwezi mzima, ikafika inang'aa mno. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka, kitu cha 1988 kinang'aaje hivyo? Nikaisogeza puani, inanuka plastiki mpya kama ndoo ya dukani. Kufungua, lile tone jeusi la lami linanitazama. Muuzaji simpati tena mpaka leo.

Kwaiyo yako ifungue. Skrubu zake si za bisibisi ya kawaida, kuna kichwa maalum cha milimita 3.8, ni bei rahisi. Ndani tafuta bodi yenye chipu nyeusi ndefu zenye miguu na maandishi juu yake, mojawapo ni ile ya kufuli ambayo NES iliitumia kukataa kaseti za mtaani. Ukiona tone, pole. Ukiona chipu zenye maandishi, funga ukapumzike.

Maka inapunguza bei, ndiyo, ila usikimbilie kuisugua na msasa au petroli maana utatoa na lebo. Chukua spirit kidogo kwenye pamba ya masikio, sugua taratibu, plastiki inavumilia ila karatasi haivumilii. Pini nazo zisafishe hivyohivyo, na tafadhali acha kupuliza. Najua wote tulipuliza, pale kwenye banda la gemu ukipuliza mara tatu inawaka tunasema dawa, kumbe ilikuwa ni kule kuichomoa na kuirudisha, mate yanaozesha pini tu.

Kupimwa achana nako. Ada na usafiri zitakula bei yote ya kaseti tupu yenye jina la mtu. Wanaopima ni wenye boksi, tena zaidi wenye nailoni. Na ukitaka kujua bei ya kweli usiangalie mtu anaomba ngapi, kuomba hata mi naweza omba milioni, angalia zilizouzwa tayari eBay, kuna sehemu ya kuchuja hivyo.

Hivi Ulaya nayo Contra ilikuwepo? Shemeji yuko Ujerumani kasema hajawahi iona. – Msomaji, Nyali

Aliiona ila kwa jina lingine, muulize Probotector. Ujerumani walikuwa wakali kuhusu gemu za kuua watu na watoto, basi Konami 1990 wakawatoa wale wanajeshi wakaweka maroboti, ramani na mabosi vilevile. Akiipata na boksi lake aichukue. Kama anataka kucheza tu, 2019 Konami walitoa mkusanyiko wa Contra nyingi kwa pamoja wa PS4, Switch, Xbox na kompyuta, na ndani kuna Probotector ya mashine ya Sega, ila si hii ya 1990.

Mzee ile kodi (code) ya kupata roho 30 kwenye Contra nimeisahau. – Msomaji, Morogoro

Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, afu Start, unabonyeza kwenye skrini ya jina kabla haijaanza. Ilibuniwa na marehemu Kazuhisa Hashimoto wa Konami kwenye gemu yao nyingine, Gradius, alikuwa anaijaribu ikamshinda akajiwekea njia ya mkato, na kuifuta akasahau. Mkiwa wawili weka Select kabla ya Start, la sivyo mwenzako atakaa anakuangalia.